Chenga zisizozimika: kisa cha mgonjwa mwenye macho mazima

Kwa nini ninakiandika

Mgonjwa huyu, aliyekuwa akiona vidoa vinavyochezacheza muda wote, alipita mikononi mwa wataalamu watatu kabla ya kufika kwangu, na kila mmoja alipima kile alichozoea kupima. Wa kwanza alipima macho, akayakuta mazima. Wa pili aliyapima upya kwa mashine kubwa zaidi, akayakuta mazima vilevile. Wa tatu alisikia maneno mawili, "naona vitu", akaandika dawa ya wendawazimu. Hakuna aliyeuliza mgonjwa alitumia nini kabla ya shida kuanza. Mimi niliuliza, lakini baada ya hapo nikafanya makosa mawili ya kwangu, na nimeyaandika humu bila kuyapunguza kwa sababu nadhani yanafundisha kuliko yale niliyopatia.

Umri kamili, mahali na tarehe nimeviondoa, na mambo madogo kadhaa nimeyageuza. Kiswahili nacho kinanisaidia, maana hakinilazimishi kusema kama ni mwanamume au mwanamke. Mgonjwa alisoma rasimu akaridhia, akaniomba jambo moja tu: nisiandike popote kwamba "alikuwa akiota". Hakuwa akiota, na sehemu kubwa ya kisa hiki ni kueleza kwa nini.

Hali ilivyokuwa kabla

Ni mtu wa miaka ishirini na kitu, mwenye afya, anayefanya kazi ya kuchora mistari myembamba kwenye skrini. Tangu utotoni alikuwa na kipandauso cha hapa na pale. Ni mwepesi wa wasiwasi. Akisubiri majibu ya kipimo chochote hapati usingizi. Katika ukoo wake hakuna aliyewahi kuugua ugonjwa mkubwa wa akili wala kifafa.

Alikuwa akivuta bangi mwisho wa wiki. Ndani ya mwaka mmoja alikuwa ametumia LSD, dawa ya kulevya inayoleta maruweruwe, mara tatu, kila mara kipande cha karatasi kilicholowekwa dawa. Mara mbili za kwanza zilipita bila kuacha alama. Ya tatu ilimkuta akiwa hajalala usiku uliotangulia, na dawa ilipofika kileleni alivuta bangi juu yake.

Siku yenyewe na wiki zilizofuata

Nilimwomba anisimulie siku ile taratibu, kama mtu anayesimulia njia aliyopita. Akifumba macho, kwanza aliona sega la nyuki lenye rangi, vijumba vyake vikipanuka na kubana. Sega likageuka utando wa buibui, utando ukawa handaki refu linalomvuta ndani, na handaki likajisokota kama ganda la konokono. Akifumbua macho, ukuta ulipumua, maua ya pazia yalitambaa, na mkono wake ukipita mbele ya uso uliacha mikono mingine nyuma yake. Muda wote alijua ni dawa. Ilidumu saa kumi hivi, akalala.

Siku ya tatu, akiwa ameketi kazini, aliona ukuta mweupe umejaa vidoa vidogo vinavyochezacheza. Chenga, kama za televisheni iliyokosa mawimbi. Alipangusa miwani, akaosha uso. Chenga zikabaki. Usiku taa za magari zilivuta mikia. Akitazama dirisha kisha akageuka, umbo la dirisha lilikaa ukutani kwa sekunde kadhaa. Herufi kwenye skrini zilikuwa na mtetemo mdogo pembezoni, na kwa mtu wa kazi yake huo mtetemo ndio ulikuwa msiba.

Alienda kwa mpima miwani: uwezo wa kuona 6/6, yaani wa kawaida, akapewa matone ya macho makavu. Akaenda kwa daktari wa macho: shinikizo la macho sawa, retina safi, uga wa kuona kamili. Akaambiwa ni uchovu wa skrini. Usingizi ukaanza kupotea. Siku moja akamwambia ndugu yake, "Naona vitu," na maneno hayo ndiyo yaliyosafirishwa hadi kwa mtaalamu wa tatu, bila maelezo ya ni vitu gani. Akapewa risperidoni, ile dawa ya wendawazimu. Ndani ya siku chache chenga ziliongezeka, zikaja na hofu kali ya ghafla, moyo ukimwenda mbio. Hali ilipozidi, dozi ikapandishwa.

Wiki ya 11 akafika kwetu, dada yake mkubwa amemshika mkono.

Mazungumzo ya kwanza

Dada ndiye aliyeanza. "Daktari, usitufiche. Amerukwa na akili?"

Mgonjwa alikuwa anatazama sakafu. Nikamwambia dada kwamba nitamjibu, ila kwanza nimsikie mwenyewe.

Niliuliza maswali machache, na kila jibu lilifunga mlango mmoja. Je, unayoyaona unaamini yako pale kweli? "Hapana, daktari. Najua ukuta ni ukuta." Mtu anayejua kwamba macho yake yanamdanganya hajapoteza mguso na dunia, hakuwa na sauti masikioni, wala hakudhani kuna mtu anamfuata. Ukifunika jicho moja, chenga zinakwisha? Hapana, ziko kote, jicho lolote. Basi shida ilikuwa nyuma ya macho, pale taarifa za macho yote mawili zinapokutana. Zinakuja na kuondoka? Hapana, zipo tangu anapoamka. Kipandauso kinachoanza na maruweruwe ya mwanga huchukua dakika 5 hadi 60 kikapita, na kifafa cha kisogoni huwaka kwa sekunde au dakika chache, mara nyingi na miduara ya rangi upande mmoja. Kitu kisichokatika kwa wiki 11 si mojawapo ya hivyo.

Kisha nikamwomba dada atupishe kidogo. Nilimwambia mgonjwa kwamba nitakachouliza sikiulizi ili kumhukumu wala kumpeleka kwa mtu mwingine yeyote, nacho kitabadilisha matibabu. Akakaa kimya kama nusu dakika. Kisha akasema yote niliyoyasimulia hapo juu, kwa mfululizo, kama mtu aliyekuwa akilitafuta sikio kwa miezi. "Hakuna aliyeniuliza," akamaliza.

Dada aliporudi ndani, kwa ruhusa ya mgonjwa, nikamjibu: hajarukwa na akili.

Tulichoamua na sababu zake

Tulipiga picha ya ubongo ya MRI na tukapima umeme wa ubongo, ingawa nilitarajia vyote viwe sawa. Sikutaka kumwambia mtu mwenye wasiwasi "nadhani huna uvimbe". Nilitaka niseme "huna". Vilikuwa sawa.

Hali yake ina jina katika vitabu vya tiba: tatizo la kudumu la mtazamo baada ya kutumia dawa za maruweruwe. Limo katika mwongozo wa Marekani wa magonjwa ya akili tangu toleo la 1987, hasa kwa kazi ya Henry David Abraham aliyewafuatilia watumiaji wa LSD. Wengine hupata vipindi vifupi vinavyopita. Wengine, kama huyu, hukaa nalo mfululizo. Katika uchunguzi mmoja uliofanywa kwa intaneti mwaka 2011 kwa watu 2,455 waliowahi kutumia dawa hizi, wengi walisema wamewahi kuona mabaki fulani, lakini waliosumbuka kiasi cha kufikiria kutafuta tiba walikuwa kama 4 katika kila 100. Hao ni watu waliojitokeza wenyewe kujibu, kwa hiyo sikumpa namba ile kama kipimo cha watumiaji wote. Nilimpa ili ajue kwamba hayuko peke yake.

Uamuzi mzito ulikuwa wa risperidoni. Tangu 1996 kuna taarifa za wagonjwa wa aina hii ambao dawa hiyo iliwazidishia maruweruwe na kuwaletea hofu kama ya kilevi chenyewe. Nikazungumza na daktari wa akili, tukakubaliana ipunguzwe hatua kwa hatua huku tukimwangalia kama dalili za wendawazimu zingejitokeza. Hazikujitokeza. Ndani ya wiki mbili hofu ya ghafla ilikuwa imetulia, na chenga zikarudi kwenye kiwango cha awali.

Klonazepamu, dawa ya kutuliza, nayo huwasaidia baadhi ya wagonjwa hawa. Niliiweka kando, kwa kuwa ni dawa ambayo mwili huizoea upesi na kuiacha ni kazi, na mtu huyu wa wasiwasi angeshikamana nayo. Bangi tulikubaliana iachwe kabisa, na usingizi upewe nafasi ya kwanza.

Uamuzi wa mwisho ulikuwa kumweleza kila kitu, bila kupunguza kwa kudhani hataelewa. Nilitenga saa nzima.

Nilivyomweleza

Nilichukua karatasi nikamchorea kichwa kwa ubavu. Wengi wetu tumekua tukidhani jicho ni kamera, na ubongo ni mtu aliyeketi ndani akitazama picha. Retina ina seli za kupokea mwanga zaidi ya milioni 100, lakini mshipa wa fahamu unaotoka jichoni una nyuzi kama milioni 1 tu. Kinachosafirishwa ni muhtasari. Muhtasari huo unapita kwenye thalamasi, kituo kilicho katikati ya ubongo, ndipo unafika kisogoni, kwenye gamba la kuona, yaani sehemu ya tabaka la nje la ubongo inayoshughulikia kuona. Na hapo kwenye thalamasi pana jambo linalonishangaza mpaka leo: kati ya viungo vyote vya mawasiliano vinavyozigusa seli zinazopeleka taarifa za macho, vinavyotoka jichoni ni kama 5 hadi 10 katika kila 100. Vilivyobaki vinatoka ndani ya ubongo, na vingi vinashuka kutoka kwenye gamba lilelile la kuona. Kisogo hakisubiri kuletewa. Kinatuma makisio yake mbele, kinalinganisha, kinasahihisha.

"Kwa hiyo hata wewe sasa unanikisia?" akauliza. Nikamwambia ndiyo, ila nakisia vizuri kwa sababu mwanga unanisahihisha kila sekunde.

LSD, psilosibini iliyo kwenye uyoga na meskalini iliyo kwenye dungusi kakati hufanya kazi kubwa kupitia mlango mmoja: kipokezi kiitwacho 5-HT2A, kinachopokea serotonini, kemikali ambayo seli za ubongo huitumia kuwasiliana. Vipokezi hivi vimejaa kwenye gamba la ubongo, hasa kwenye seli kubwa zenye umbo la piramidi za tabaka la tano, na gamba la kuona nalo linavyo. Kwamba huu ndio mlango wenyewe ilionekana mwaka 1998, Franz Vollenweider na wenzake wa Zürich walipowapa watu ketanserini, dawa inayoziba kipokezi hicho, kabla ya psilosibini. Maruweruwe hayakutokea.

Mlango ukifunguka kunatokea nini? Mtu angetarajia gamba la kuona liwake kama taa. Mwaka 2019 watafiti waliwapa panya dawa ya jamii hiyo wakasikiliza seli za gamba lao la kuona moja moja. Majibu ya seli kwa picha zilizowekwa mbele ya panya yalipungua, na tabia ya seli kuwanyamazisha majirani zao ikalegea. Habari kutoka nje ilipoteza nguvu, na nidhamu ya ndani nayo ikapungua. Kwa binadamu, Robin Carhart-Harris na wenzake wa London walichapisha mwaka 2016 uchunguzi wa watu 20 waliopewa LSD na kulazwa ndani ya mashine za kupima ubongo macho yakiwa yamefumbwa. Damu iliongezeka kwenye gamba la kuona, gamba hilo likaanza kuwasiliana na sehemu nyingi ambazo kwa kawaida halisemezani nazo sana, na mawimbi ya alfa yakashuka. Kadiri mabadiliko hayo yalivyokuwa makubwa ndivyo watu hao walivyosema wameona zaidi.

Mawimbi ya alfa ni yale ambayo Hans Berger aliyaeleza mwaka 1929: mapigo ya umeme kama 8 hadi 12 kwa sekunde, yanayopata nguvu kisogoni mtu anapofumba macho. Mimi huyaeleza kama mlango ulioegeshwa, gamba la kuona likiambiwa lipumzike. Dawa inauondoa mlango huo. Ndiyo maana mtu huona akiwa amefumba macho.

Lakini kwa nini sega, utando, handaki na konokono? Hapa mgonjwa alisogeza kiti karibu. Katika miaka ya 1920 Heinrich Klüver alichunguza maono yaletwayo na meskalini, akagundua kwamba watu mbalimbali wanarudia maumbo ya familia nne, na ni hayohayo manne niliyosimuliwa. Sababu iko kwenye ramani. Retina imechorwa kisogoni kwa namna ya pekee: sehemu ya katikati, tunayosomea, imepewa eneo kubwa mno, na pembezoni pamebanwa. Kwa sababu ya mbano huo, mduara unaozunguka kitovu cha macho unapofika kwenye gamba huwa mstari ulionyooka, na mstari unaotoka katikati kwenda nje huwa mstari mwingine ulionyooka unaoukata ule wa kwanza.

Sasa chukua seli ambazo kila moja inawachochea majirani wa karibu na kuwatuliza wa mbali kidogo. Mizani hiyo ikiyumba, seli zinajipanga zenyewe kwa mistari, kwa hesabu za aina ile aliyoiandika Alan Turing mwaka 1952 kueleza jinsi madoa na milia inavyoweza kujitokeza kwenye ngozi za wanyama. Mwaka 1979 Bard Ermentrout na Jack Cowan walizipeleka hesabu hizo kwenye gamba la kuona. Milia ikilala upande mmoja, ubongo unaisoma kuwa miduara, yaani handaki. Ikilala upande wa pili, inasomeka kuwa miale. Ikiinama mshazari, inajisokota kama konokono. Nikamwambia: ulichokuwa unakitazama siku ile ni umbo la kisogo chako mwenyewe.

Alinyamaza. Kisha akauliza swali ambalo ndilo lililomleta: "Na sasa? Dawa bado imo?"

Haimo. Wapo wanaosema LSD hujificha kwenye uti wa mgongo miaka na miaka, si kweli. Nusu ya dawa hutoka kwenye damu kwa saa kama tatu, na baada ya siku chache hakuna kilichobaki cha kuhesabika. Kilichobaki ni mazoea ya ubongo. Maelezo ninayoyaona yana nguvu zaidi, nayo ni dhana, ni kwamba baadhi ya seli za kutuliza, zile zinazowanyamazisha majirani, hazikurudi kwenye kazi yao sawasawa. Seli za kuona hutoa milio midogo ya umeme hata gizani, kwa kila mtu. Kwa kawaida hunyamazishwa kabla hatujaitambua. Kwake unyamazishaji ulikuwa pungufu, na milio hiyo ikawa chenga. Mwendo wa mkono ambao ungefutwa mara moja ulichelewa kufutwa, ukawa mkia.

"Kwa hiyo sioni kitu kisichokuwepo," akasema polepole. "Naona kelele ambazo wengine hawazioni."

Sijawahi kuupata usemi bora kuliko huo, na tangu hapo nimeutumia kwa wengine.

Mwendo wa miezi

Mwisho wa saa ile nilifanya kosa la kwanza. Alinitazama akauliza itaisha lini, nami nikasema "wiki chache". Wagonjwa wawili niliowaona kabla yake walipona kwa wiki chache, na nilitaka atoke mle ndani akiwa na kitu cha kushika. Kosa la pili nililifanya dakika hiyohiyo: nilimpa daftari aandike kila siku chenga zimekuwaje, kwa alama 0 hadi 10, asubuhi, mchana na usiku.

Wiki nne zikapita, sita zikapita. Chenga zikawa palepale. Alipokuja mara ya tatu daftari lilikuwa limejaa, tena kwa mwandiko mzuri, na alama zilikuwa zikipanda. Niliposoma kwa makini nikaona maelezo ya pembeni: "nimejaribu ukuta wa jikoni", "nimejaribu dari", "nimejaribu anga". Alikuwa akizitafuta. Mara tatu kwa siku, kwa amri yangu, aliusimamisha ubongo wake mbele ya ukuta mweupe akauuliza, bado? Umakini huongeza nguvu ya ishara inayoangaliwa. Ni jambo ambalo kila mwanafunzi wa neva amelisoma, nami nilikuwa nimelisoma.

Kabla sijalirekebisha akaacha kuja. Miezi miwili kimya. Nilimpigia simu dada yake, akasema mgonjwa anaamini amekuwa mtu wa asilimia ndogo isiyopona, kwa sababu daktari alisema wiki chache. Nikaomba nizungumze naye mwenyewe. Nikamwambia nilikosea kutaja muda, kwamba sikuwa na haki ya kuutaja, na kwamba daftari lile lilikuwa wazo baya nalo lilikuwa langu. Alirudi wiki iliyofuata.

Tuliacha daftari. Tukabadilisha mwanga wa kazini: skrini isiwe nyeupe tupu bali ya kijivu chepesi, chumba kisiwe giza skrini ikiwaka, kwani chenga huonekana zaidi kwenye uso mtupu na mwanga hafifu. Mtaalamu wa saikolojia akamsaidia kukaa na dalili bila kuzikagua. Mwezi wa saba tangu shida ianze tukaanzisha lamotrijini, dawa ya kifafa ambayo imewasaidia baadhi ya wagonjwa wa aina hii. Hupandishwa kidogo kidogo kwa wiki kadhaa kwa sababu ya hatari ya upele mkali wa ngozi, na tulipanda nayo bila tatizo.

Mwezi wa 14 mikia ya taa ilikuwa imepungua sana na umbo la dirisha halikukaa tena ukutani. Chenga bado zipo. Anaziona akiulizwa. Amerudi kazini kwa muda wote, analala, na hajagusa bangi wala LSD.

Uchambuzi: kilichofaa

Kilichofaa kwanza ni kutenganisha kuona vibaya na kuamini vibaya. "Naona vitu" ni maneno yanayobeba magonjwa kumi, na mtu akiyasikia bila kuuliza "vitu gani, na unaviamini?" atatibu ugonjwa asioujua. Swali la jicho moja halihitaji mashine wala dakika, lakini lilihamisha shida kutoka kwenye macho hadi kisogoni.

Kumtoa dada chumbani kulifaa, na naamini namna nilivyomtoa ilifaa zaidi: mbele ya mgonjwa, kwa heshima, na kwa ahadi kwamba swali lake litajibiwa. Mgonjwa kijana hataitaja LSD mbele ya dada aliyemlea.

Na maelezo yalikuwa tiba. Silisemi hili kwa kupamba. Hofu yake ilipungua wiki ileile, kabla lamotrijini haijawahi kutajwa, huku chenga zikiwa hazijapungua hata moja. Kweli risperidoni ilikuwa inapunguzwa wakati huohuo na siwezi kutenganisha mchango wa kila kimoja. Lakini mwenyewe anasema usiku wa kwanza aliolala vizuri ni ule wa siku niliyomchorea handaki kwenye karatasi, na dozi ilikuwa haijaguswa.

Lamotrijini sina hakika nayo kwa mgonjwa huyu. Alikuwa ameanza kupata nafuu mwezi mmoja kabla. Tuliendelea nayo kwa kuwa haikumletea shida, si kwa kuwa ilijithibitisha.

Uchambuzi: kilichoshindwa

Wataalamu wa macho walifanya kazi yao vizuri na kwa kiwango. Kilichokosekana ni mtu wa kusema, "Macho ni mazima, basi tumpeleke kwa wa neva." Macho mazima yalichukuliwa kuwa mwisho wa uchunguzi, ilhali kwa mtu anayeona chenga kwa macho yote mawili yalipaswa kuwa mwanzo wake.

Kupandishwa kwa dozi ya risperidoni kunanisumbua zaidi. Mgonjwa alizidiwa baada ya kuanza dawa, na kuzidiwa huko kukasomwa kuwa ushahidi kwamba anaihitaji zaidi. Laiti mtu angeandika tarehe mbili kwenye mstari mmoja, ya kuanza dawa na ya hofu ya kwanza, angeona. Nimeona mtego huu kwa dawa nyingine pia.

Ahadi yangu ya wiki chache ilizaliwa na huruma, na hiyo ndiyo sababu ilikuwa ngumu kuiona kuwa kosa. Ningeweza kusema nilichokijua kweli: wengine hupona kwa wiki, wengine kwa miezi, wengine hubaki na mabaki wanayoyazoea mpaka hayawasumbui, na kwamba tutakuwa naye katika njia yoyote kati ya hizo. Angetoka na kitu cha kushika ambacho kisingekatika wiki ya sita.

Kuhusu daftari, nilichukua zana inayosaidia kwenye kipandauso na kifafa, magonjwa ya vipindi, nikaiweka kwenye dalili isiyokatika. Kwa dalili ya vipindi daftari hufichua vichochezi. Kwa dalili ya muda wote lenyewe linakuwa kichochezi.

Baada ya kisa hiki tulibadilisha karatasi yetu ya mapokezi. Juu ya mstari wa kipimo cha herufi sasa kuna swali moja, na mgonjwa huyu alilisoma kabla halijachapwa. Niliandika: "Katika miezi 6 iliyopita, umetumia chochote kilichobadilisha namna unavyoona?" Yeye alichukua kalamu akaongeza mwishoni: "hata kama kilipita salama?"